Ameniomba nipunguze kilo ili niigize ugonjwa niliopona

Shikamoo mama,

Nina miaka 26, naishi Sinza, ni mwigizaji. Si maarufu. Kama unatazama tamthilia za jioni huenda umeniona nikiwa dada wa kazi au rafiki wa bibi harusi, nasema maneno mawili natoka. Nakuandikia kwa sababu kwa mara ya kwanza nimepewa nafasi ya mhusika mkuu, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nianzie mbali. Nilipokuwa kidato cha pili, bweni zima liliniita Bonge. Likizo ya mwezi wa sita, mama mdogo akasema mbele ya wageni kwamba siku nikiolewa gauni langu litashonwa kwa turubai. Wageni wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku ule ndipo nilipoanza kujitapisha. Nilijiona nimegundua siri ambayo wenzangu hawaijui, na siri hiyo iliniendesha miaka saba. Nilikuwa naamka watu wamelala, nakula mkate mzima na kiporo cha wali nikiwa nimesimama gizani, kisha naosha sufuria ili asubuhi kusiwe na ushahidi. Mwezi wa Ramadhani niliupenda kwa sababu mbaya: hakuna aliyeuliza kwa nini sili mchana. Mama aliamini nina vidonda vya tumbo. Alininunulia asali na habasoda, akaniitia mashehe wakanifanyia kisomo. Hadi leo anajua kwamba kisomo ndicho kilichoniponya.

Katika miaka yote hiyo, mama, sikuwahi kuwa mwembamba. Nilipungua kidogo, nikaongezeka, nikapungua. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniangalia akasema huyu anaumwa. Aliyenigundua ni msichana niliyeishi naye chumba kimoja chuoni. Hakunihukumu. Alinishika mkono tukaenda hospitali, na nikaonana na mwanasaikolojia kwa zaidi ya mwaka. Leo ni miaka mitatu na miezi saba sijajitapisha.

Sasa kuna kaka mmoja, mwongozaji, nimefanya naye kazi mara mbili. Anatengeneza filamu fupi kuhusu binti mwenye ugonjwa wa kujinyima chakula, anataka kuipeleka kwenye tamasha la filamu la Zanzibar. Amenipa nafasi bila kujua lolote kuhusu maisha yangu. Tulikaa naye tukatazama filamu ya Kimarekani iitwayo To the Bone kwenye kompyuta yake, akawa anasimamisha picha kila mara na kuniambia, “Uone mgongo huo. Uone mikono. Hiyo ndiyo nataka.” Kisha akaniambia nipunguze kilo [idadi imeondolewa] kabla hatujaanza kushuti, na tuna miezi miwili.

Alipoitaja ile namba, moyo wangu uliruka kwa furaha. Hilo ndilo linalonitisha. Tangu siku hiyo, kila nikipita kituoni namkuta yule kijana anayepimisha watu uzito kwa mizani yake, na wiki iliyopita nilimlipa mara tatu.

Skripti yenyewe inahusu binti wa Masaki, tajiri, kimbaombao, anayeokolewa na mapenzi ya daktari kijana. Naisoma nataka kulia. Mimi nilikuwa bonge wa Manzese na hakuna daktari aliyenipenda. Nikikataa, atapatikana mwingine na filamu itatoka hivyo hivyo. Nikikubali, malipo yake yanatosha kodi ya miezi sita, na pengine binti mmoja ataiona akajitambua. Lakini mama naye ataiona.

Je, nikubali? Nimwambie ukweli? Na hizi filamu, hivi zinasaidia au zinaua?

Mimi binti yako,
Sinza

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kuichapisha barua yako nimeondoa ile idadi ya kilo, pamoja na sentensi mbili ulizoeleza namna ulivyokuwa ukifanya. Najua hukuziandika kwa nia mbaya. Lakini barua hii itasomwa na binti aliye bwenini leo, na kwa aliye ndani ya ugonjwa huu namba hugeuka shabaha, na maelezo ya namna ya kufanya hugeuka somo. Shikilia hilo, kwa sababu mwongozaji wako ana kazi hiyo hiyo ya kuchagua nini kionekane na nini kisionekane.

Nikikusikia sawasawa, umepewa nafasi uliyoisubiri miaka mingi, na nafasi hiyo inakuja na sharti linalogusa kidonda chako. Ukiikataa unahisi unawaacha mabinti wengine na hadithi ya uongo. Ukiikubali unahofia kurudi ulikotoka. Na katikati yupo mama yako, ambaye hajui.

Niruhusu nianze na ile furaha.

Unaiogopa kana kwamba ni ushahidi kuwa hukupona. Mimi nisingeisoma haraka hivyo. Mtu aliyeishi na ugonjwa huu miaka saba anaweza kuisikia sauti yake tena baada ya muda mrefu, hasa ikiitwa kwa jina, na kuisikia sauti si sawa na kuifuata. Lakini jiulize, aliyefurahi ni nani? Ni mwigizaji aliyechoka kubeba trei za chai kwenye tamthilia? Au ni yule binti wa kidato cha pili, ambaye kwa mara ya kwanza amepewa ruhusa? Maana tazama kilichotokea. Jambo ulilolifanya gizani kwa aibu, sasa unaombwa ulifanye mchana kweupe, kwa malipo, na mwisho wake watu watapiga makofi. Ningeshangaa kama moyo wako usingeruka. Huenda waliofurahi ni wote wawili, na sitaki umfukuze mmoja kwa ajili ya mwingine. Nataka tu ujue ni nani anayeshika kalamu siku ya kusaini mkataba.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni ile mizani. Furaha ilikuja yenyewe, hukuiita. Kwa yule kijana ulikwenda kwa miguu yako, mara tatu.

Pengine unajiambia kwamba safari hii utakuwa unaigiza tu, utapungua kwa ajili ya kazi kisha utarudi. Hapo naomba nikusimulie jambo. Mwaka 1944, huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwachukua wanaume 36, vijana wenye afya njema ya mwili na akili, wakajitolea kufanyiwa jaribio la njaa. Kwa miezi sita walipewa chakula pungufu ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tatizo la ulaji. Lakini njaa ilipowakolea, walianza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakala polepole kama wanaofanya ibada, wakawa wakali na wenye huzuni. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula bila kuweza kujizuia. Yaani njaa yenyewe, hata ikiingia kwa mtu mzima wa afya, inabadilisha fikra. Sasa mtu ambaye njia hiyo ameshaipita, ambaye mwili wake unazikumbuka kona zote? Kamera haiwezi kuuambia mwili kwamba haya ni maigizo. Mwili unajua umenyimwa, basi.

Na nisisitize jambo la hospitali hapa hapa, nisije nikalisahau. Kujitapisha hupunguza potasiamu mwilini, madini yanayousaidia moyo kupiga sawasawa, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupoteza mapigo yake hata kwa mtu anayeonekana mzima. Karen Carpenter, yule mwimbaji wa Marekani, alikufa Februari 1983 akiwa na miaka 32 kwa sababu ya moyo uliochoshwa na ugonjwa wa ulaji, wakati ambapo watu wake waliamini ameanza kupata nafuu. Kama tangu uniandikie umejitapisha hata mara moja, au unasikia kizunguzungu au moyo kudunda ovyo, usisubiri gazeti. Nenda hospitali na useme wazi ni nini kimetokea, usiseme vidonda vya tumbo.

Sasa hiyo filamu mliyotazama. To the Bone ilitoka Netflix Julai 2017. Mwongozaji wake, Marti Noxon, aliugua ugonjwa huu ujanani, na hadithi aliichota katika maisha yake. Mwigizaji wake mkuu, Lily Collins, naye aliwahi kuugua, na alipunguza uzito kwa ajili ya filamu hiyo akisimamiwa na mtaalamu wa lishe. Kwa hiyo wewe si wa kwanza kuwekwa kwenye kiti hicho. Wapo waliotoa machozi ya shukrani kwa kuwa hatimaye kuna aliyesema. Wapo waliopona ambao walishindwa kuimaliza, wakasema picha zile za mgongo na mikono ndizo zile zile walizokuwa wakizitafuta siku za ugonjwa ili wajilinganishe nazo. Wote hao wanasema kweli. Ulipouliza kama zinasaidia au zinaua, ulinitaka nichague, na mimi naona picha moja inaweza kufanya yote mawili usiku mmoja katika nyumba mbili jirani.

Collins alisimulia kisa kimoja ambacho sijakisahau. Siku moja akiwa amekonda kwa ajili ya kazi hiyo, alikutana na mtu anayemfahamu siku nyingi, mwanamke wa rika la mama yake, naye akamsifia, akataka kujua anafanya nini hadi amependeza hivyo. Collins akaingia kwenye gari akamwambia mama yake kwamba hiyo ndiyo sababu tatizo hili lipo. Fikiria wewe, hapa Dar, ukishapungua hizo kilo. Wapo watakaokuuliza kama unaumwa. Na wapo watakaokuambia umekuwa mrembo, tena wengi, na wengine ni walewale waliokuita Bonge. Umejiandaa kuzisikia sifa hizo?

Kaka yako mwongozaji anaamini kwamba bila mifupa hakuna uhalisia. Imani hiyo ni ya zamani. Mwaka 1981 televisheni ya Marekani ilionyesha filamu kuhusu msichana mwenye anoreksia, yaani huo ugonjwa wa kujinyima chakula, na mwigizaji kijana Jennifer Jason Leigh alijikondesha sana ili aingie kwenye nafasi hiyo. Lakini mwaka 1987 mwongozaji Todd Haynes alitengeneza filamu fupi kuhusu Karen Carpenter kwa kutumia midoli ya Barbie badala ya watu. Kadiri hadithi ilivyosonga, mdoli wa Karen alichongwa uso na mikono, akazidi kupungua. Filamu ile ilikuja kuondolewa mwaka 1990 kwa kesi ya haki za muziki, lakini waliobahatika kuiona wanaeleza kwamba inatisha kuliko nyingi zenye watu halisi. Na hakuna aliyepoteza hata gramu. Vilevile, tamthilia ya The Crown, ya familia ya kifalme ya Uingereza, katika msimu wake wa mwaka 2020, ilipofika kwenye bulimia ya Diana, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, ambayo mwenyewe aliizungumzia mbele ya kamera za BBC mwaka 1995, iliweka onyo mwanzoni mwa vipindi vinavyohusika. Na Diana hakuwa mifupa. Alikuwa mwanamke ambaye dunia nzima ilimtazama na haikuona kitu, kama wewe ulivyotazamwa bwenini.

Hapo ndipo naona barua yako ina kitu ambacho skripti ya kaka huyo haina. Wengi wanaougua magonjwa ya ulaji hawakondi kiasi cha kutambulika. Filamu nyingi zimemchagua msichana mmoja tu: mzungu, mwembamba, wa familia yenye uwezo. Hata ndani ya To the Bone, katika nyumba ya wagonjwa, yupo mwanamke mweusi mwenye mwili mkubwa aitwaye Kendra, ambaye tatizo lake ni kula kupita kiasi, na kamera inampita kama abiria asiye na nauli. Nani alimsimulia Kendra? Msichana wa Manzese akitazama filamu ya binti wa Masaki, anaweza kujisemea, “Mimi si kama yule, basi siumwi.” Ninahofia hilo kuliko ninavyohofia kwamba ataiga.

Ingawa kuiga nako kupo. Huko Fiji, ambako kijadi mwili mnene uliheshimiwa, televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakukuwa na aliyesema anajitapisha ili apungue. Alipowauliza wasichana wa huko mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Hawakuwa wakitazama filamu za ugonjwa. Walikuwa wakitazama tamthilia za kawaida zilizojaa warembo wembamba. Nalitaja hili kwa sababu utaambiwa huu ni ugonjwa wa wazungu. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili hizi kwa wanawake vijana wa kwetu pia. Na hata bila utafiti, wewe upo.

Kuhusu mama yako. Unaamini hataelewa, na pengine ni kweli. Lakini kumbuka kizazi chake kimeona nini. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia, Waganda waliuita Slim kwa namna ulivyowakausha watu. Kwa mama wa umri wake, mtoto anayekonda ni msiba unaopiga hodi, na mtoto mwenye mwili ni mtoto anayetunzwa vizuri. Alikuangalia ukiwa na mwili wako, akashukuru Mungu. Alipoona tumbo linakusumbua, akatafuta asali, habasoda na dua, yaani kila alichokijua. Simtetei kwa yale ambayo hakuyaona. Nakuuliza tu: je, ungependa ajue kwanza kutoka kwako, jikoni, mkiwa mnachambua mchele, au kutoka kwenye skrini akiwa amekaa na majirani? Na ukiona hujawa tayari kumwambia kabisa, hilo pia ni haki yako. Maisha yako si deni la filamu.

Basi twende kwenye njia zilizopo, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kukubali kama alivyotaka. Sitakuficha kwamba hii ndiyo inayonitetemesha. Ukiichagua, usiende bila mwanasaikolojia wako kujua tangu siku ya kwanza, bila daktari wa kukupima damu na moyo, na bila mtu mmoja wa karibu mwenye ruhusa yako ya kusema “acha” na wewe ukaacha. Yule mwenzako wa chuo, bado mnaonana?

Unaweza kukubali nafasi ukakataa kilo. Kuna nguo pana, kuna vipodozi, kuna mpiga picha anayejua mwanga, kuna mlango wa bafu uliofungwa na mama anayegonga kwa nje. Hata hivyo usidhani hatari itakuwa imekwisha. Sini moja ya bafuni inaweza kurudiwa mara kumi kwa sababu bodaboda imepita au betri imekwisha. Ungehitaji kukubaliana mapema ni mara ngapi, nani atakuwepo lokesheni, na baada ya hapo utakula na nani chakula cha mchana.

Unaweza kumwachia mwingine nafasi ukabaki kwenye skripti, ukamsaidia kumtoa binti Masaki na kumpeleka anakotakiwa, ukamwondoa yule daktari mpenzi na kumweka msichana wa chumba kimoja aliyemshika mwenzake mkono. Kwa kweli nilipofika kwenye sentensi hiyo ya barua yako niliisoma tena na tena. Lakini hapo utabaki pembeni ukimtazama mwenzako akiondoka na nafasi uliyoiota, huenda naye akiambiwa apunguze kilo. Utaweza kunyamaza?

Na unaweza kukataa kabisa. Mwenye nyumba atadai kodi yake, na utaumia siku bango litakapotoka. Umesema ukikataa filamu itatoka hivyo hivyo. Nina mashaka kidogo na sentensi hiyo. Inakubebesha mabinti wote wa nchi hii mabegani kwako, na wewe bado unabeba mmoja. Huyo mmoja ana miaka mitatu na miezi saba tu.

Kumwambia mwongozaji ukweli si lazima kuwe kila kitu au hakuna kitu. Unaweza kusema, “Kaka, mambo ya uzito sifanyi, ni sababu za kiafya,” ukaishia hapo. Atakavyojibu kutakuonyesha ni mtu wa namna gani kabla hujamfungulia zaidi. Ukitaka kumwambia yote, pima kwanza: tasnia yetu ni ndogo, na maneno husafiri kutoka Sinza hadi Mbezi kabla chai haijapoa. Lakini huenda pia ni kijana mwema aliyetazama filamu za watu wengine kwa sababu hakuna aliyewahi kumsimulia ya hapa. Alisimamisha picha kwenye mgongo kwa kuwa huo ndio aliofundishwa kuuona. Ungeweza kumwuliza swali moja tu: katika filamu yako, binti huyu anasikia nini usiku kabla hajaamka kwenda jikoni? Msikilize atakavyojibu.

Kabla ya yote hayo, mwanangu, mpigie mwanasaikolojia wako wiki hii. Kama hayupo tena pale, hospitali kubwa kama Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hutakuwa unaanza upya. Mwambie kuhusu ile furaha kwa maneno yale yale uliyoniambia mimi. Miezi miwili ya mwongozaji ni yake, unaweza kumwomba siku kumi za kufikiri.

Ukiniandikia tena, usinitajie kilo. Niambie kama umeshapata njia nyingine ya kufika kituoni, isiyopita kwa yule kijana wa mizani.